Jicho la Changu na Sukari ya Bibi

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa uani, hapa kwetu Malindi, napaa changu wawili niliowanunua kwa wavuvi. Mpwa wangu wa gredi ya saba alikuwa amechuchumaa kando yangu na kisu kidogo mkononi. Kupaa samaki hapendi. Anachopenda ni kumpasua samaki aone alivyoumbwa. Akalichukua jicho la yule changu mkubwa, akalichana pembeni, na ndani yake kikatoka kitu cha duara, kigumu, safi kama kioo, kikaviringika mpaka mchangani.

"Mjomba, samaki ana gololi!"

Nikamwambia hiyo ni lenzi, na yeye pia anayo, ila ya binadamu ni bapa kidogo. Usiishie hapo, nikamwambia, angalia nyuma. Akalifungua jicho kama anayefungua mfuko. Nyuma kabisa palikuwa na utando mwembamba kama ngozi ya ndani ya kitunguu. Alipougusa kwa ncha ya kisu ulibanduka wote kwa urahisi, isipokuwa mahali pamoja tu. Ukabaki unaning'inia pale kama tanga lililofungwa kwa kamba moja.

"Hiyo ndiyo retina," nikamwambia. "Na hapo ilipong'ang'ania ndipo nyuzi zake zinapotoka kwenda kwenye ubongo."

Bibi yake, yaani mama yangu, alikuwa amekaa kibarazani, kofia imelala mapajani. Mama ameshona kofia tangu usichana wake: kile kitundu kidogo kinatobolewa, kinazungushiwa uzi, kisha kinafuata kingine, mpaka ua linatokea. Siku hizi kofia moja inamchukua miezi mingi. Anasema kuna nyuzi nyeusi zinaelea mbele ya macho yake. Akipepesa zinahama, lakini haziondoki. Huu ni mwaka wake wa 12 na kisukari.

Mpwa wangu akamtazama bibi, akautazama ule utando, kisha akaniuliza: "Sukari iko kwenye damu. Jicho lina kosa gani?"

Siku ile nilimjibu vipande vipande huku nageuza samaki kwenye mafuta. Leo nataka kumjibu sawasawa, yeye pamoja nanyi nyote mnaoishi nyumba moja na mtu mwenye kisukari.

Tuanze na ule utando. Retina ya binadamu ina unene wa karibu robo ya milimita, lakini ndani ya robo hiyo seli zimepangwa kwa tabaka. Nyuma kuna seli zinazopokea mwanga, takriban milioni 100. Katikati kuna seli zinazochambua kilichopokelewa. Mbele kabisa kuna seli za ganglioni, kiasi cha milioni 1 katika kila jicho, na kila moja imetoa uzi mrefu unaosafiri mpaka kwenye ubongo. Mhispania Santiago Ramón y Cajal alizichora tabaka hizi kwa mkono mwishoni mwa karne ya 19, akiangalia kwenye hadubini na kuchora uzi kwa uzi, na mwaka 1906 akapewa Tuzo ya Nobeli pamoja na Camillo Golgi kwa kazi yao juu ya mfumo wa neva. Mtoto anapoumbwa tumboni, retina huchipuka kutoka kwenye ubongo wenyewe. Kwa hiyo mkimwangalia mtu ndani ya jicho, mnakiangalia kipande cha ubongo wake kilichosogea mbele ili kiuone ulimwengu.

Na hapa samaki ametupita. Yuko samaki mdogo wa Asia Kusini, mwenye milia kama punda milia, anayefugwa kwenye maabara nyingi duniani. Retina yake ikiumia, seli zake za Müller, ambazo kazi yake ya kila siku ni kuzitunza zile seli za tabaka, yaani neva, hugeuka na kuzaa neva mpya. Sisi pia tuna seli za Müller, lakini za kwetu hazifanyi hivyo. Neva ya retina ya binadamu ikifa, imekwenda. Ile milioni 1 tuliyozaliwa nayo ndiyo tunayozeeka nayo.

Sasa turudi kwenye swali la mtoto. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza kifaa cha kumulikia ndani ya jicho, na kwa mara ya kwanza madaktari wakaiona retina ya mtu aliye hai. Kwa wagonjwa wa kisukari waliona mishipa ya damu iliyovimba vijipuvijipu, madoa ya damu iliyovuja, na mafuta yaliyoganda. Wakasema ugonjwa ni wa mishipa ya damu. Hawakukosea. Mishipa huharibika kweli, na zile nyuzi nyeusi anazoziona mama zinaweza kuwa damu iliyovujia ndani ya jicho. Lakini neva za retina zinapenyeza mwanga kama maji safi, na lazima ziwe hivyo, la sivyo mwanga ungekwama njiani. Daktari anayechungulia huiona damu nyekundu mara moja. Neva inayokufa haimwonyeshi rangi yoyote. Kwa miaka mingi lawama yote ikaiendea mishipa, kwa sababu mishipa ndiyo iliyoonekana.

Mwaka 1998 Alistair Barber na wenzake huko Pennsylvania, Marekani, walitoa habari iliyowafanya wengi wafikiri upya. Walichunguza panya waliofanywa wawe na kisukari, na baada ya mwezi mmoja tu wakakuta seli zinazokufa kwenye retina zimeongezeka takriban mara 10. Wakaziangalia na retina za watu waliofariki wakiwa na kisukari, na dalili zilikuwa zile zile. Neva zilikuwa zinakufa mapema mno, na kimyakimya.

Basi ni nani aliyeanza? Je, mishipa ya damu iliharibika kwanza ikaziua neva kwa njaa, au sukari yenyewe iliziumiza neva moja kwa moja? Ndani ya jicho huwezi kujua, kwa sababu damu, mishipa, neva na seli za Müller wanaishi chumba kimoja. Mkitaka kumjua mkosaji, itabidi mumtoe mmoja nje mumhoji peke yake. Hiyo ndiyo sababu watu huziotesha neva za retina kwenye sahani.

Kuotesha seli nje ya mwili si jambo geni hapa pwani. Ukienda Kilifi, kwenye kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust kilichoanzishwa mwaka 1989 karibu na hospitali ya kaunti, kazi kubwa imekuwa malaria. Vimelea vya malaria huweza kufugwa kwenye chupa za maabara, ndani ya chembe nyekundu za damu ya binadamu, kwa njia waliyoivumbua William Trager na James Jensen mwaka 1976. Kimelea cha malaria, ukikipa damu na joto, kinazaana chenyewe. Neva haizaani. Mmarekani Ross Harrison alionyesha mwaka 1907 kwamba neva inaweza kuota nje ya mwili: alichukua kipande cha kiluwiluwi cha chura kilichokuwa bado kinaumbwa, akakiweka ndani ya tone la maji ya mwili wa chura lililoning'inia chini ya kioo, na uzi ukarefuka mbele ya macho yake. Lakini ile ilikuwa neva changa.

Neva ya mtu mzima ni kesi nyingine kabisa. Mkichukua mche wa mwembe wenye majani manne mkauhamishia shamba jingine, utanyauka siku mbili kisha utainua kichwa. Jaribuni sasa kuung'oa mwembe ambao babu yenu amekula maembe yake miaka 40. Mizizi itakatika, na mti utakufa umesimama. Neva iliyokomaa imejifunga kwa nyuzi na jirani zake pande zote, na ukiitoa unazikata nyingi. Ndiyo maana kwa muda mrefu watafiti walipendelea neva za panya wachanga. Tatizo ni kwamba kisukari cha aina ya pili, kilicho kingi zaidi, huwapata zaidi watu wazima. Neva changa ina nguvu za kukua ambazo neva ya bibi yako haina tena. Ukitaka kujua kinachompata bibi, tafuta seli ya umri wa bibi, hata kama ni taabu kuilea. Kwangu mimi hilo ndilo jambo la heshima katika kazi hii: kuna watu waliokubali taabu hiyo.

Hutumika macho ya panya waliokomaa. Hutumika pia ya nguruwe kutoka machinjioni, kwa kuwa jicho lake linakaribiana na la binadamu, na mara nyingine macho yaliyotolewa na watu waliokubali yatumike baada ya kufa kwao. Jicho linawekwa kwenye barafu na kazi inafanywa haraka. Retina inabanduliwa taratibu, kama mpwa wangu alivyoibandua ile ya changu, kisha inakatwa vipande vidogo.

Halafu linakuja papai. Ndiyo, papai. Mnajua wachoma mishkaki wanavyofanya wakipata nyama ngumu: wanakwaruza papai bichi, wanalichanganya na nyama, wanaiacha ilainike. Kinacholainisha ni kimeng'enya kilichomo kwenye ule utomvu mweupe wa papai, kiitwacho papaini. Kinakata protini zinazoishikanisha nyama. Maabara zinanunua papaini iliyosafishwa na kuitumia kwa kazi ile ile, kulegeza kinachozishikanisha seli za retina ili ziachane bila kupasuka. Na mpishi anajua hatari yake: papai likikaa mno, nyama inakuwa uji. Kwa hiyo dakika zinahesabiwa, na zikitimia inamiminwa protini inayotokana na ute wa yai, ambayo kazi yake ni kuifunga midomo ile papaini. Papai na yai. Nilipomweleza mama alicheka sana, akasema kumbe hao ni wapishi.

Kisha vipande vinavutwa na kutemwa kwa bomba jembamba, polepole bila povu, mpaka seli zitawanyike kwenye maji. Sahani zinazosubiri zimepakwa protini ya kushikiza, kwa sababu neva haikai juu ya plastiki tupu. Zinaingizwa kwenye kabati lenye joto la nyuzi 37, na hewa yenye asilimia 5 ya kaboni dioksidi ili ukali wa mchuzi unaozilisha seli ubaki sawa. Mchuzi huo mara nyingi ni wa rangi ya waridi kama sharubati. Ukianza kugeuka manjano, mtafiti anajua umeingia ukali na inabidi aubadilishe.

Siku ya kwanza ukiangalia kwenye hadubini huoni cha kujivunia. Ni viduara tu, havina uzi hata mmoja, na vingi vinakufa. Halafu siku zinapita, na vile vilivyobaki vinaanza kutoa kijinyuzi kimoja, kingine, vinapapasa huku na huku kama mtu anayetafuta kiberiti gizani. Hiyo ni neva ya mtu mzima, iliyokatwa nyuzi zake zote, inaanza upya. Mwaka 2002 Elena Vecino wa Uhispania na wenzake walionyesha, kwa retina za nguruwe waliokomaa, kwamba neva hizi zinaishi vizuri zaidi na kutoa nyuzi nyingi zaidi zikipandwa juu ya seli za Müller. Yule mlezi wa jichoni anahitajika hata kwenye sahani.

Sasa sukari. Mtu mzima ana damu ya lita 5 hivi. Kwa mtu mwenye afya, asubuhi kabla ya kula, sukari yote inayozunguka ndani ya damu hiyo ni takriban gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Kijiko kimoja kwa mwili mzima! Mashine ya kutoboa kidole, inayohesabu kwa milimoli kwa lita, itasoma 5 na kitu. Ikisoma 7 au zaidi kabla ya kula, na kipimo kikarudiwa kikawa vile vile, hicho ni kisukari. Kwenye sahani, mtafiti anaweka neva za kundi moja kwenye mchuzi wa sukari ya 5, na za kundi jingine kwenye mchuzi wa 25 au 30, kama damu ya mgonjwa aliyelemewa kabisa.

Inaonekana rahisi, lakini hapo kuna mitego miwili, nami naipenda kuliko sehemu zote za hadithi hii.

Mtego wa kwanza umo kwenye mchuzi. Mchuzi unaotumiwa sana kulishia neva, uitwao Neurobasal, unatoka kiwandani ukiwa tayari na sukari ya 25. Na kirutubisho kinachoongezwa humo mara nyingi, B27, kina insulini ndani yake. Maana yake, mtafiti asiyesoma kibandiko atazilea neva zake "zenye afya" ndani ya kisukari kikali, pamoja na dawa ya kisukari, halafu ashangae haoni tofauti. Lazima atafute mchuzi usio na sukari, apime mwenyewe, na aubadilishe mara kwa mara, kwa sababu neva zina njaa na zile 5 huisha upesi.

Mtego wa pili mtauelewa upesi ninyi mlio jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni. Samaki akitiwa chumvi akawa ng'onda, kinachomkausha si jua peke yake. Chumvi inayavuta maji yatoke kwenye nyama. Sukari nyingi nayo inayavuta maji yatoke kwenye seli. Basi neva ikifa kwenye sukari ya 30, utajuaje kama imeuawa na sukari au imekauka tu kama ng'onda? Dawa yake ni sahani ya tatu. Unaweka 5 ya sukari ya kawaida, halafu unajazia kwa manitoli, aina ya sukari ambayo seli haziili, mpaka maji yawe mazito sawasawa na yale ya 30. Neva zikiishi kwenye sahani ya manitoli na kufa kwenye ile ya sukari, mkosaji amejulikana.

Na sukari imekutwa na hatia. Maabara mbalimbali zimeona neva za retina zikilowa kwenye sukari nyingi zinafupiza nyuzi zao, zinajaa kemikali kali za oksijeni, na zinakufa kwa wingi, bila mshipa wowote wa damu kuwepo karibu. Sababu yake iko mlangoni. Seli ya msuli ina mlango unaofunguliwa na insulini. Mlango wa neva hausubiri insulini, uko wazi daima, kwa sababu neva haiwezi kukaa hata kidogo bila chakula. Damu ikijaa sukari, sukari inaingia tu. Ndani, vinu vya seli vinavyochoma sukari vinazidiwa kama jiko lililojazwa kuni mbichi, na moshi unaharibu nyumba.

Nikimaliza hapo nitakuwa nimewadanganya kidogo. Sahani haina damu, haina presha, na inadumu siku au wiki, ilhali kisukari cha mama kina miaka 12. Kwenye jicho la kweli mishipa na neva wanaumizana wote. Kilichothibitishwa ni kwamba neva haimsubiri mshipa avuje ndipo iumie, na hilo linabadilisha lini tunapaswa kuanza kuangalia.

Hapa Kenya, Wanjiku Mathenge na wenzake waliwapima watu wa miaka 50 na zaidi katika eneo la Nakuru mwaka 2007 na 2008. Miongoni mwa waliokuwa na kisukari, takriban theluthi moja walikuwa tayari na madhara kwenye retina. Na kuna habari nyingine ya kuishikilia: utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 1993, kwa watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza, ulionyesha kwamba wale ambao retina zao zilikuwa bado nzima, wakiidhibiti sukari kwa bidii, walipunguza hatari ya retina kuharibika kwa asilimia 76. Mwale wa leza na sindano za jicho huokoa kilichobaki. Neva iliyokufa hazifufui.

Wiki iliyofuata ile Jumamosi ya changu tulimpeleka mama kupimwa, mimi na mpwa wangu. Alitiwa matone ya kuipanua mboni, akasubiri, kisha jicho likapigwa picha. Daktari akatuonyesha kwenye kioo: duara la rangi ya machungwa, mishipa imetawanyika kama mito, na hapa na pale vitone vyekundu. Mpwa wangu alitafuta kwanza mahali nyuzi zinapotokea kwenda kwenye ubongo, akapaona, akanionyesha kwa kidole. Mama ameanza matibabu. Sukari kwenye chai ameacha, mahamri amepunguza, na kofia yake ile amefika nusu.

Nanyi, jioni hii, muulizeni babu au bibi mwenye kisukari: retina yako ilipimwa lini mara ya mwisho? Mtu mwenye kisukari anapaswa kupimwa kila mwaka, hata kama anaona vizuri kabisa. Akisema hajawahi, msindikizeni. Yale matone huyafanya macho yaone ukungu kwa saa kadhaa, na atahitaji mkono wa kumvusha barabara wakati wa kurudi nyumbani.